UZI: Mpiga piano aliyeacha miaka 11 anarudi kazini Mombasa. Aanzie wapi?

Bandarini88:
Salaam wanajukwaa. Naomba ujuzi hapa, hadithi za maisha tuziache kwenye nyuzi nyingine.

Hali ni hii. Mtu alifika gredi ya 6 ya mitihani ya piano, akapiga kanisani na hotelini, kisha akaingia kazi ya kutoa mizigo bandarini, halafu duka la vipuri. Miaka 11 hajakalia kiti cha piano. Sasa anataka kurudi awe mpigaji huru, hana bendi wala mwajiri. Piano anayo, ya kusimama, ya zamani, kii 85, iko sebuleni Tudor upande wa mkono wa bahari. Haijulikani ilityuniwa lini mara ya mwisho. F iliyo juu ya C ya kati inakwama.

Maswali ni matatu: ifufuliwe hiyo piano au inunuliwe kibodi? Mkono unarudishwa vipi bila kuumia? Na kazi yenyewe iko wapi siku hizi?

FundiNyuzi:
Kabla hujamlipa fundi yeyote, fungua paneli ya juu wewe mwenyewe. Inua mfuniko, ingiza mkono ndani, utakuta vishikizo viwili vya kuzungusha, kushoto na kulia. Paneli inatoka nzima. Shika tochi.

Kinachoamua ni vigingi, vile vyuma vilivyozungushiwa nyuzi. Vimepigiliwa kwenye ubao mgumu uliofichwa nyuma ya chuma. Piano ina nyuzi zipatazo 230 na mkazo wake kwa jumla ni tani 15 hadi 20, mzigo huo hubebwa na fremu ya chuma, lakini kinachozuia nyuzi zisilegee ni mshiko wa mbao kwenye vigingi, basi. Ukitia spana ya kutyuni na kigingi kikazunguka kama mwiko ndani ya uji, mbao imechoka. Vikiwa viwili vitatu, hung'olewa na kuwekwa vinene zaidi. Ikiwa ni safu nzima, iache piano hiyo iwe meza ya picha za familia, wala usiingize pesa.

Pili, geuza mgongo wake kutoka ukutani. Unga laini sakafuni ni dumuzi. Vijia vya udongo ni mchwa. Gonga mihimili ya nyuma kwa kifundo cha kidole: mlio mzito ni mzima, mlio wa debe ni mwanya ndani. Piano inaweza kutoa sauti tamu mwaka mzima huku mhimili umebaki ganda.

Nyuzi zilizofifia rangi si neno. Kutu ya magamba pale uzi unapozunguka kigingi ndiyo inayokata. Nyundo zikiwa na mitaro mirefu husuguliwa kwa msasa. Zikiwa na vishimo kama nguo iliyoliwa, hao ni nondo, na feliti (kitambaa kizito cha sufu) itabidi ibadilishwe.

Sasa hiyo F. Ibonyeze taratibu ukitazama ndani. Kii ikibaki chini yenyewe, tatizo ni la kii. Kii ikipanda lakini nyundo ikabaki imeegemea uzi, tatizo ni la ekseli ya nyundo, kile kipini chembamba kilichozungushiwa feliti. Unyevu umeivimbisha ikabana. Hayo ni magonjwa mawili na dawa mbili. Usipulizie mafuta ya bawaba za mlango! Yanalainisha wiki mbili, kisha yanashika vumbi na chumvi, yanakuwa gundi. Tupe jibu ni lipi kati ya hayo mawili.

Nyali_Kii88:
Mwisho wa maneno: nunua kibodi ya kii 88 zenye uzito, uza hiyo piano kwa mwenye mkahawa anayetaka pambo. Pwani si mahali pa piano ya mbao. Unyevu wetu hushinda kwenye asilimia 75 hadi 80, piano inataka 40 hadi 50. Hesabu haikubali.

FundiNyuzi:
Hesabu umeisoma nusu, kaka. Piano haiuawi na unyevu mwingi kama inavyouawa na unyevu unaopanda na kushuka. Ubao wa mlio, ule mpana wa nyuma, ukinywa maji huvimba na kujitokeza, unasukuma daraja (kipande cha mbao kinachobeba nyuzi), daraja linakaza nyuzi, sauti inapanda. Hupanda zaidi katikati ya piano kuliko kwenye ncha, ndiyo maana baada ya masika utasikia piano inajigombanisha yenyewe. Ukikauka, hurudi chini. Piano iliyokaa kwenye asilimia 65 mwaka mzima hushika sauti kuliko ya ukumbi wa hoteli ambako AC inawashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa nne usiku. Hiyo ya hoteli hupumua kama mgonjwa wa pumu.

Kwa hiyo Tudor: iondoe kwenye dirisha linalotazama maji, isipigwe na upepo wa AC moja kwa moja, isiegemee ukuta wa nje. Acha sentimita 10 nyuma. Nunua kipima unyevu kidogo, kiweke ndani ya piano. Chini, nyuma ya paneli ya miguu, funga fito ya joto ya wati 25 au karibu na hapo iwake usiku na mchana, ikiwa na kidhibiti kinachoizima hewa ikikauka. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu ni mchezo wa watoto: kwenye kabati kubwa lisilozibwa vimeshiba siku chache tu.

Na usityuni mwezi wa tano. Utalipa, na kufika mwezi wa nane kazi imeharibika. Ngoja masika yaishe, kusi litulie, fito ya joto iwe imewaka wiki tatu.

Kama sauti imeshuka nusu ya nusutoni (hatua ya kii moja hadi ya jirani yake), haikazwi mara moja. Kwanza kila uzi *hulegezwa* kidogo, kiasi cha kusikia "tik" ya kutu ikiachia, ndipo ukazwe. Anayekaza moja kwa moja huvuna nyuzi zilizokatika. Mzunguko wa kwanza hufanywa haraka na kupitilizwa kidogo, kama robo ya kile kilichopungua, kwa sababu ukikaza upande mmoja ubao unazama na upande mwingine unalegea. Mzunguko wa pili papo hapo. Kisha wiki mbili tatu za kupumzika, ndipo ityuniwe kikweli kwa A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Fundi anayemaliza piano ya namna hiyo kwa saa moja, mpe maji ya kunywa na umsindikize.

Programu ya simu inafaa kwa kuweka A na oktava ya katikati. Besi za chini haizisikii vizuri, na juu kabisa sauti zinatakiwa zinyooshwe kidogo kupita hesabu, la sivyo piano inasikika imekufa.

Kaskazi_Live:
Naingia kwa upande wa umeme, maana Nyali_Kii88 anaongea kana kwamba kibodi haili chumvi.

Chini ya kila kii ya kibodi kuna kipande cha mpira chenye vidoti vyeusi vya kaboni, vinagusa saketi. Kii ikianza kupiga kwa nguvu zote hata ukiigusa kama unyoya, au isipige kabisa, kidoti kimechafuka. Spika haina kosa, wala hauhitaji saketi mpya. Fungua, toa mpira, futa vidoti na saketi kwa pamba ya masikio yenye spiriti ya isopropili, acha dakika 10 ikauke, rudisha. Usikwaruze; kaboni ni nyembamba mno. Wengine hufuta kwa spiriti ya bluu ya dukani, inaacha utando. Na mipira ina mpangilio wake, piga picha kabla ya kung'oa.

Ifunike kwa shuka ya pamba, kamwe si plastiki. Plastiki inafungia unyevu ndani, usiku chombo kikipoa jasho linatua juu ya saketi. Iwashe angalau mara moja kwa wiki hata kama huna kazi.

Adapta: soma mchoro mdogo wa duara wenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kibodi nyingi ni volti 12, lakini baadhi hutaka chanya katikati na baadhi hutaka hasi. Tundu ni lile lile. Ukikosea, unaweza kuwa umeagana nayo. Usichomeke adapta ya jirani kwa sababu "imeingia". Kati yake na ukuta weka kilinda umeme chenye kuchelewesha. Umeme ukirudi baada ya kukatika, zile sekunde za kwanza ndizo mbaya.

Pedali ichomekwe kabla ya kuwasha. Kibodi nyingi husoma mwelekeo wa pedali wakati wa kuwaka. Ukiwasha huku umeikanyaga, itafanya kazi kinyume: ukiachia inashika, ukikanyaga inakata. Watu wametupa pedali nzima kwa jambo hili.

Mama_Solfa:
Wanaume mmeongea mbao na waya. Nizungumze mkono.

Bandarini, mwambie huyo mtu asianze na kipande alichokuwa akisifiwa nacho. Ndipo wanapoumia. Masikio yanakumbuka mwendo wa zamani, mishipa haikumbuki, na masikio ndiyo yenye kiburi.

Wiki mbili za kwanza: dakika 15 asubuhi, 15 jioni, basi. Skeli ya C, G na F, oktava mbili, noti mbili kwa kila pigo, metronomu (kipima mwendo) kwenye 60. Mkono wa kushoto peke yake kwanza, kwa sababu ndio uliooza zaidi. Wa kulia umekuwa ukiandika na kushika simu miaka yote hiyo. Ukipita safi mara tatu mfululizo, ongeza 4. Ukikosea, rudi nyuma 8. Wiki ya tatu ingiza skeli zenye kii nyeusi nyingi, B na D bemoli (D iliyoshushwa nusutoni), maana ndizo zinazoukalisha mkono katika umbo lake: vidole virefu juu ya kii nyeusi, gumba kwenye nyeupe.

Kiti. Watu wanakalia kiti cha plastiki cha kulia chakula, wanashangaa mabega yanauma. Kiwiko kiwe sawa na uso wa kii au juu kidogo, na ukae nusu ya mbele ya kiti.

Uchovu wa misuli ya mkono unaruhusiwa, ni kama kupanda ngazi. Ganzi au sisimizi kwenye kidole cha mwisho na cha pete hairuhusiwi. Hapo simama siku hiyo, na ikirudi tena muone daktari. Mpiga piano wa Marekani, Leon Fleisher, vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe mwaka 1964. Alizidisha mazoezi akidhani ni udhaifu, ikazidi. Miaka 30 alipiga vipande vya mkono wa kushoto, akafundisha, akaongoza okestra, hadi katikati ya miaka ya 1990 alipoanza tena kupiga kwa mikono miwili. Kuzidisha si dawa.

Kumbukumbu nayo ina mtego. Kipande cha zamani kitatoka kwenye vidole kuanzia mwanzo, vizuri kabisa, mpaka pale kitakapokatika. Hapo hutaweza kuendelea, utarudi mwanzo, utakatika pale pale. Vidole vinakumbuka mnyororo, kichwa hakikumbuki kitu. Tibu hivi: weka alama sita ndani ya kipande, A hadi F, ujifunze kuanza kutoka alama yoyote, ukianza na ya mwisho. Mbele ya watu ukikwama C unaruka hadi D, na wachache watatambua.

Kusoma noti: mistari miwili kila siku ya kitu ambacho hajawahi kukiona, gredi mbili chini ya alipoachia. Kama ni 6, asome vya gredi 4. Asisimame kurekebisha. Kosa lipite.

Bandarini88:
Shukran mwalimu. Na cheti? Anaulizwa na wazazi wanaotaka wanao wafundishwe.

Mama_Solfa:
Gredi 6 aliyonayo haifutiki. Akitaka kwenda 7 au 8 ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, sharti la nadharia ya gredi 5 analo tayari, kama hiyo 6 aliifanya nao. Tangu 2020 kuna mtihani wa kurekodi video: vipande vinne mfululizo bila kukata kamera, hakuna skeli wala usikivu. Alama 150, kufaulu ni 100, daraja la juu kabisa ni 130. Kwa mtu mzima anayefanya kazi huu unafaa kuliko kungoja mtahini. Ubaya wake: ukiharibu kipande cha nne, unarudia vyote vinne. Na piano ya kii 85 inatosha mradi vipande vyake havifiki zile tatu za juu.

Kwa wazazi cheti si kitu kama kufika kwa wakati. Hilo mtu wa bandarini analijua.

Nyali_Kii88:
Miaka 11 ni mingi lakini. Wangapi wamerudi kweli?

Tarabuni:
Wapo wakubwa. Mpiga piano Paderewski alikuwa Waziri Mkuu wa Poland mwaka 1919, nchi ikiwa ndiyo kwanza imesimama, na 1922 akarudi jukwaani. Mwenzake Horowitz, naye mpiga piano mashuhuri, alijifungia kuanzia 1953 hadi 1965, miaka 12, na aliporudi New York akakosea noti mwanzoni kabisa, akaendelea. Jirani zetu Wahabeshi walikuwa na mama mtawa mpiga piano, Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, aliyeacha njia ya jukwaa akaingia utawani. Sahani yake ya kwanza ilitoka miaka ya 1960, na umaarufu wa dunia ukamkuta mzee. Lakini hawa hawakulipa kodi ya nyumba ya Mombasa kwa harusi za Jumamosi, kwa hiyo tushuke kwenye kazi.

Kazi hapa ni nne: hoteli, kanisa, harusi na kufundisha. Kila moja ina lugha yake na mtu wa gredi huwa anajua moja tu.

Harusi zetu za Kiswahili. Ukiitwa kwenye taarabu na umesomea noti za Kizungu, jambo la kwanza linalokutoa jasho ni kwamba kuna sauti ambazo kinanda hakina. Rasti ya C, moja ya skeli za Kiarabu, inataka E na B ziwe nusu ya bemoli, senti 50 chini (senti 100 ni nusutoni moja). Skeli nyingine, Bayati ya D, inataka E hiyo hiyo. Piano ya mbao haiwezi, imekwisha. Kibodi nyingi zina ukurasa wa kutyuni skeli: chagua E, shusha 50, chagua B, shusha 50, hifadhi kwenye kitufe. Wimbo ukiisha *zima*, kwa sababu wimbo unaofuata ukiwa wa mtindo wa filamu za Kihindi, alioupenda mwimbaji wa taarabu marehemu Juma Bhalo, E yako itakuwa imeoza katikati ya ukumbi. Skeli ya Hijazi ya D ni salama bila kugusa kitu: D, E bemoli, F kali (F iliyopandishwa nusutoni), G, A, B bemoli, C. Anza na hiyo.

Chakacha ni 6/8, na kosa la aliyezoea kanisa ni kuhesabu sita sawasawa kama anahesabu mayai. Mkono wa kushoto uhisi mbili kubwa, wa kulia uchezee tatu juu yake. Kushoto umeshika vumi (ngoma ya sauti nzito), kulia chapuo (ngoma ndogo). Ukiona mabega ya kina mama hayatikisiki, umeshikilia mizani isiyo yake.

Mama_Solfa:
Nami nimalizie kanisa, maana ndipo atakapokwama siku ya kwanza. Kwaya zetu hazisomi mistari mitano, zinasoma solfa. Atapewa karatasi imeandikwa "Doh ni G" na safu nne za herufi: d r m f s l t. Nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja hugawa pigo nusu, kistari ni kushikilia sauti. Kijikoma juu ya herufi ni oktava ya juu, chini yake ni ya chini. *fe* ni fa iliyopandishwa, *ta* ni ti iliyoshushwa. Ukiziona hizo mbili ujue wimbo unahamia kwingine. Ajifunze kuisoma akipiga sauti zote nne, na ajifunze kwa doh ya C, F, G, D na B bemoli. Wiki sita zinatosha kama alijua noti.

Kwaya hushuka. Wimbo wa beti sita ukianza G bila kinanda, mwisho uko karibu na F kali. Ukiingia na piano kwenye beti la nne ni ajali. Toa noti kabla na upige nao tangu mwanzo, au usiingie kabisa. Na kile kitufe cha kuhamisha sauti kwenye kibodi, ukikitumia, bandika karatasi mbele ya macho yako: "+2". Kukisahau hapo ni jambo la kila Jumapili pahala fulani katika mji huu.

Kaskazi_Live:
Hoteli. Kawaida ni vipindi vitatu vya dakika 40. Wimbo bila mwimbaji hauvuki dakika tatu na nusu kabla watu hawajaanza kuuchoka. Ni nyimbo 11 kwa kipindi, 33 kwa usiku, tia 7 za akiba kwa maombi: 40. Asiyekuwa na 40 asikubali kazi ya wiki nzima, wahudumu wa baa watamchukia kabla ya wageni. Azigawe kwa mwendo na asiweke mbili za ufunguo mmoja zifuatane.

Mkobani: waya mbili za jeki ya milimita 6.35, pedali ya akiba, adapta ya akiba, waya wa kurefusha wa mita 5, tochi, na vibanio vya nguo vinane. Vibanio si mzaha. Ukipiga kwenye veranda ya Shanzu au Diani kaskazi likivuma, karatasi ya pili itakuwa kwenye bwawa la kuogelea.

Sauti itoke kwenye tundu lililoandikwa L/MONO, si R. Ukitumia R peke yake, nusu ya piano inapotea na utamlaumu mtu wa mikisa (mashine ya kuchanganya sauti). Waya ya jeki ikizidi mita 6 weka kiboksi cha DI (kinachoandaa sauti kwa waya mrefu) karibu na kibodi, kisha waya wa XLR, ule wa maikrofoni, hadi mikisa. Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, bonyeza swichi ya kukata ardhi kwenye hicho kiboksi. Kamwe usikate ardhi kwenye plagi ya umeme. Sakafu ya ufukweni ina maji. Sauti ya kibodi iache kwenye robo tatu, iliyobaki aongeze mtu wa mikisa.

Usafiri nao uhesabiwe kwenye bei. Kibodi ya kii 88 ndani ya kasha lake inakaribia mita moja na nusu, tuktuk haifungi. Tumia gari kama Probox, viti vya nyuma vimelazwa, kii zikitazama juu, usiilaze kifudifudi.

Bandarini88:
Na malipo? Hapo ndipo wengi hupigwa chenga.

Nyali_Kii88:
Hapa nitasaidia bila ubishi. Andika makubaliano hata ya ukurasa mmoja: tarehe, saa ya kufika na saa ya kuanza (si kitu kimoja!), idadi ya vipindi, nani analeta spika, chakula, usafiri wa kurudi, na nini kitatokea sherehe ikisogezwa. Nusu iingie kwa M-Pesa kabla ya siku, salio kabla ya kipindi cha mwisho. Baada ya kipindi cha mwisho bwana harusi hapatikani.

Hoteli itataka PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) na ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki. Tangu 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki haiwasaidii kwenye kodi yao, kwa hiyo mhasibu ataiweka karatasi yako chini ya rundo. Mtu aliyekaa kwenye kutoa mizigo anajua karatasi. Hapo ana faida kuliko mpigaji aliyekaa jukwaani miaka yote.

Leseni ya kupiga muziki hadharani hulipwa na mwenye ukumbi, si wewe. Ukitunga vyako, kuna vyama vya kukusanya mirabaha: watunzi wamekuwa na MCSK, wapigaji PRISK, watayarishaji KAMP. Uliza KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni kipi kina kibali hai mwaka huo kabla ya kutoa ada.

Msimu: Desemba hadi Machi hoteli zinaita, Aprili hadi Juni simu inanyamaza. Weka wanafunzi wa kujaza miezi hiyo, na Ramadhani ihesabiwe mapema kwa wanaotegemea harusi.

Tarabuni:
Kurekodi, kwa ufupi. Vya Chopin na Bach ni huru: Kenya ulinzi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Taarabu za wazee wengi bado hazijafika huko, omba ruhusa kwa warithi. Kwenye kibodi rekodi kwa waya wa USB, faili la WAV, kilohezi 44.1, biti 24, usipitishe hewani. Kwenye piano ya mbao, fungua mfuniko wa juu, maikrofoni mbili sentimita 30 juu ya nyuzi, moja upande wa besi na moja juu. Saa? Kati ya saa nane na saa kumi usiku. Kabla ya hapo ni tuktuk, baada ya hapo ni adhana, kisha kunguru, na kunguru wa Mombasa haondolewi na programu yoyote.

FundiNyuzi:
Bandarini, umetuacha na F.

Bandarini88:
Paneli imetoka. Vigingi vimekaza, hakuna unga wala udongo nyuma. Kii yenyewe ndiyo inabaki chini, nyundo inarudi sawa. Nikimulika kati ya F na F kali naona ukingo wa kitu cha njano.

FundiNyuzi:
Sitashangaa hiyo ikiwa sarafu. Ni ugonjwa wa kawaida wa kii zinazokwama majumbani penye watoto. Usichokoe kwa kisu, utachana feliti ya pembeni na hapo ndipo itakwama kweli. Toa kifuniko cha kii, kisha ule ubao mwembamba unaozibana kwa juu, skrubu zake ziko ncha mbili. Inua F kali wima kutoka kwenye pini yake ya katikati, usiipindue, halafu F. Kila kii imegongwa namba ubavuni: F yako ni 45, F kali 46. Fyonza vumbi kabla ya kurudisha, na kama kuna vikaratasi vya duara chini ya kii, kila kimoja kirudi kwenye pini yake, kwa sababu ndivyo vinavyoshika urefu. Ukirudisha na kii ikakaa chini kuliko jirani zake, kimoja umekiacha sakafuni.